Miwani ya Kaku kutoka Kitwe

Herufi zilipoanza kunikimbia kama chungu waliomwagiwa maji ya moto, nilikuwa nimekwisha kupita miaka arobaini, nikisoma shule ya jioni pamoja na vijana ambao ningeweza kuwazaa wote, tena mapacha. Mtihani wa serikali ulikuwa umekaribia. Mama yangu aliposikia habari ya macho yangu, akafungua sanduku lake akatoa miwani yenye fremu ya dhahabu, imeviringishwa ndani ya kitambaa cha kichwa tangu siku tuliyomzika Kaku. "Vaa hii, umalize masomo," akaniambia. Sikuivaa mara moja. Niliishika mkononi hadi chai ikapoa, maana miwani ile niliinunua mimi mwenyewe, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kaku ndilo jina tunalowaita nyanya zetu sisi wenye asili ya Kasai. Wangu alimzaa mama, na tuliishi naye Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, katika kiwanja chenye harufu ya samaki mkavu wa Pweto kutwa nzima, kwa sababu jirani yetu aliwauza. Kila Jumapili Kaku ndiye aliyesimama kanisani kuwasomea kina mama neno la siku hiyo. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hakukitafuta.

Miwani yake ya kwanza niliikalia. Aliiweka kitini ili achague maharage, nami nikaja mbio kutoka shuleni nikajitupa pale pale. Nilikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, lakini mlio ule, nakuapia, ulisikika hadi mpakani Kasumbalesa. Kaku akaokota vipande, kisha akawaambia watu wote kwamba mbuzi wa jirani ndiye aliyeikanyaga. Mbuzi akachapwa. Mimi nikapewa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kama siku zote.

Wiki zikapita. Kina mama wakaanza kusema, kwa upole kabisa, kwamba labda sasa mwingine asome, na mke wa shemasi ana macho mazuri. Kaku akawaomba wangoje kidogo. Kumwona akiomba hivyo kuliniumiza kuliko fimbo.

Ndipo shule yetu ikaalikwa kwenda kuimba Kitwe, kule Zambia. Kaku akafungua pindo la kitenge chake akanipa alichokuwa nacho, pamoja na kitabu chake kidogo cha nyimbo chenye herufi kama punje za ulezi. "Utajaribu nacho kule, mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita. "Ile miwani yenye utaona nayo muzuri, njo ile utaniletea."

Mpakani tulikaa kati ya malori mengi kiasi kwamba nilidhani malori yote ya dunia yamezaliwa pale. Mwalimu alikuwa na karatasi moja yenye majina yetu yote, akituhesabu kila honi ilipolia. Tulipofika tuliimba kutwa hadi sauti zikatukauka, na giza lilipoingia akatupeleka sokoni, kwa sababu muuzaji anayetaka kurudi nyumbani hupunguza bei. Tulitembea kwa mstari, kila mmoja ameshika sweta la buluu la aliyemtangulia. Mishumaa iliwaka ndani ya makopo. Vitumbua vilichemka kwenye mafuta, na nguo za mitumba zilirundikwa vilima kwa vilima. Wauzaji waliita kwa Kibemba, tukaelewa nusu na nusu tukaibuni.

Wakubwa wa darasa walikuwa wametufundisha njiani: chochote unachonunua, sema ni chako. Mtoto anahurumiwa. Ukimtaja mtu mzima, bei inapanda. Basi tukadanganya sote kwa moyo mmoja. Mwenzangu mmoja alivaa koti la kumpelekea baba yake, likiburuzika chini kama pazia, akaapa kwamba ndivyo anavyopenda kuvaa.

Mama aliyeuza miwani aliniuliza hii ninayotafuta ni ya nani.

"Iko yangu," nikamwambia.

Akanitazama machoni, akainama chini ya meza, akatoa hii ya dhahabu. Nikafungua kitabu mbele ya mshumaa wake. Herufi zote zilisimama wima kama askari. Sikujaribu nyingine. Nilirudi Lubumbashi nimeikumbatia usiku na mchana, na hata kwenye basi sikuthubutu kuketi vizuri.

Kaku aliivaa mlangoni. Akanitazama mimi, akatazama kitabu, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Sasa njo naona muzuri," akasema.

Tangu hapo, kila Jumamosi alikuwa akiniita jioni, yeye akitwanga sombe, mimi nimeketi kwenye kibao. Alitaka nimsomee neno la kesho, ajue kama masomo yananiingia. Nikimaliza, ananiambia nirudie. Nikirudia, polepole zaidi. Mara nne, mara tano, na mchi ukishuka kwa kufuata maneno. Nilinung'unika sana, lakini mwaka ule hakuna aliyenishinda kusoma darasani. Na Jumapili Kaku alisimama, akafungua kitabu, kidole kikitembea juu ya mistari. Siku moja mvua kubwa ilitia giza kanisa zima. Waimbaji wakakwama, wakashindwa kuona nyimbo zao, Kaku akaendelea bila kukosea neno. Kina mama wakasema miwani ya Zambia iko na mwangaza wake. Nilitembea na sifa hiyo mwaka mzima, kichwa hakipiti mlangoni.

Haya, chai ya mama ilipopoa, mwishowe nikaivaa. Herufi zikabaki kukimbia kama chungu. Nikaifuta kwa kitenge, nikaivaa tena, chungu wale wale. Nikaipeleka kwa fundi wa miwani anayekaa kando ya barabara. Akaiinua kwenye jua, akatazama gazeti kupitia kwayo, akacheka kidogo.

"Mama, hii iko kioo tu, sawa ya dirisha, ya mtu mwenye macho mazima. Nani alikuuzia?"

Nilikuwa nasikia mchi wa Kaku ukishuka mara nne, mara tano, hadi neno likae kichwani mwake.

Akaniambia fremu bado ni nzima, atoe vile vioo aweke vya macho yangu. Nikakataa. Nikanunua nyingine kwake, ya plastiki, ndiyo iliyonifikisha kwenye diploma. Ya Kaku nikaivaa kurudi nyumbani, nikapita makusudi Hewa Bora. Kiwanja chetu kimejengwa ghala la simenti. Jirani wa samaki hayupo, wala watoto wake, na hata ile harufu imekwisha. Kanisa lina mashine ya sauti sasa, neno linasomwa na kijana kwenye simu. Nilisimama mbele ya lile geti la chuma, dhahabu puani, na kwa mbali namna ile, hadi kwa Kaku na mchi wake, niliona kila kitu muzuri.