Niliyoyaandika Kioo Kikiwa Cheusi

Wenzangu, nichekeni taratibu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Titye, na ndiye niliyemwambia mkuu wetu wa shule, "Madamu, laptopu yako ya nini kuipeleka kwa fundi mjini Kasulu? Windows mpya nitaiweka mwenyewe."

Niliiweka kweli, ikawaka. Siku ya kikao cha wazazi nikafungua ukurasa wa kuandikia, nikachomeka waya wa projekta. Papo hapo kioo cha laptopu kikawa cheusi tii. Nimeiua! Nikabonyeza hiki na kile, wapi! Mwishowe, nikitumaini kioo kitaamka, nikaandika tu yaliyokuwa moyoni: "Mashine imezeeka, mwenyewe bahili. Anunue nyingine."

Wazazi mbele yangu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Endelea, mwalimu!" Nikadhani ananitia moyo, nikaongeza: "Na vikao vyake haviishi."

Pembeni yangu nikamsikia Madamu akisoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Na vikao... vyake... haviishi." Kisha akasema, "Mwalimu, hebu geuka utazame ukutani."