Kichwa cha Ngege

Nyumbani kwetu Rumonge, kichwa cha samaki hupewa aliyemleta. Kwa miaka mingi kilikuwa changu, kwa kuwa kila Jumapili nilimpelekea mama mukeke wa ziwani.

Kisha mdogo wangu, aliyerudi kutoka Tanzania, akajenga tangi la ngege uani kwa mama. Pampu hupandisha maji yenye kinyesi cha samaki hao hadi kwenye changarawe alimootesha mboga za lengalenga. Mizizi hujilisha humo na kuyasafisha maji, kisha maji hurejea tangini. Kiangazi hiki bustani yangu iliyoko Gatete imekauka, yake inachumwa.

Jumapili iliyopita niliwakuta mezani wakila ngege kwa lengalenga. Kichwa kilikuwa kwenye sahani ya mdogo wangu.

“Mama, samaki huyu hajapata kuliona ziwa,” nikasema.

“Mukeke wako weka jikoni, tutamla kesho,” akajibu. “Leo kaa, kula mboga.”

“Kaka, nikukatie shavu?” akauliza mdogo wangu, akitabasamu.

Nilikataa kwa adabu. Lengalenga zilikuwa laini kuliko zote nilizowahi kupanda, nami nilizitafuna polepole, nikimtazama akifyonza mfupa mmoja baada ya mwingine.