Kura ya Kitabu cha Hesabu

Kwa miaka mingi vitabu vya hesabu vilikuja shuleni kwetu kama mvua, hakuna aliyeuliza kama tunavitaka. Lori la wizara lilisimama getini, tukashusha maboksi, tukafundisha kilichomo. Kikiwa kibaya tuliilaumu wizara na kulala usingizi mzuri. Kisha utaratibu ukabadilika. Shule zikaambiwa zichague zenyewe kutoka kwenye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatujawahi kujiuliza kitabu kizuri cha hesabu ni kipi.

Mimi nilikuwa kiongozi wa somo la hesabu katika shule ya msingi ya serikali, Kampala, jirani na kambi ya polisi. Mimi ni Mkenya. Nilivuka mpaka pale Busia wakati vita vya Uganda vilikuwa vimeisha na shule zinatafuta walimu, nikapanga chumba Kibuli, na kazi iliyokuwa ya mwaka mmoja ikanizeesha. Walimu wenzangu waliniita Mkenya mbele ya uso wangu. Nyuma yangu sijui. Walinitania kwamba nilikuja na vitu viwili tu, Kiswahili na ukali. Watoto wa kambini, ambao wazazi wao wengi walitoka kaskazini, walinipenda kwa sababu ya hicho Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoongea nyumbani. Ukali waliuvumilia.

Nilikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa ubao wangu. Niliugawa kwa mstari ulionyooka bila rula, tarehe juu, kanuni kushoto, mifano kulia, herufi zimesimama sawasawa. Nilichokiandika hakikufutwa hovyo. Mtoto aliyebishana na ubao alibishana na mimi, na hilo halikutokea.

Wachuuzi wa vitabu walipoanza kutujia walileta soda, sambusa na kalenda za ukutani. Tulivichagua vitabu vile kama watu wanaochagua mkungu wa matoke sokoni: huyu anapima uzito mkononi, yule anabonyeza jalada. Na karibu kila mwalimu alifungua kwanza nyuma, kuangalia kama majibu yamo. Kisicho na majibu kilirudi mezani upesi. Siwacheki. Nami nilianzia nyuma.

Kwa darasa la tano vilibaki viwili. Kimoja chekundu, kinene, mazoezi yamejaa hadi pembeni, majibu yote nyuma. Kingine cha kijani, chembamba, hakina majibu, na kila sura ilianza na kitu cha kufanya: pima, kata, jaza, kisia. Mimi nilikitaka chekundu, na nikiwa kiongozi wa somo nilijua wengine wangefuata mkono wangu. Cha kijani nilikiita kitabu cha kuchezea matope.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama wa Kiganda, mwenye sauti ndogo, ambaye sote tulimwita Madamu. Hakunibishia. Aliviweka vitabu vyote viwili mbele yangu, akasema kwa Kiswahili chake alichokitumia kwangu tu:

"Kale, sawa, Mwalimu. Lakini sisi tutajua namna gani kama hatujaona kitabu nafanya kazi kwa dalasa?"

"Madamu, mimi nimefundisha miaka mingi. Kitabu nikikishika nakijua."

"Mimi pia nilikuwa nafikiri hivyo juu ya bwana yangu," alisema, na chumba kizima cha walimu kikaangua kicheko.

Basi akaweka sharti. Kabla ya kura, kila kitabu kingefundishwa darasani, walimu wote wakiwa wamekaa nyuma wakitazama. Na anayekitaka chekundu ndiye atakayefundisha cha kijani, na kinyume chake. Alisema mtu akipewa kile asichokipenda hatakifichia makosa. Niliona ni mchezo wa kupoteza muda, lakini nikakubali kwa roho safi, kwa sababu niliamini kitabu kibaya kitajiaibisha chenyewe. Mwalimu wa darasa la nne, mpenzi wa cha kijani, alifundisha chekundu siku moja kabla yangu na mambo yakaenda salama, tena yakapoa kama uji wa jana.

Zamu yangu ilikuwa sura ya ujazo. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha sampuli, hivyo nilikwenda Wandegeya kutoa nakala za kurasa zile, nikapitia maduka ya Kikuubo kununua makopo ya plastiki ya lita moja. Lazima niseme nilijiandaa vizuri. Sikutaka mtu aseme nimekihujumu kitabu cha watu.

Kitabu kilielekeza hivi: watoto wachukue jerikeni, wakisie itajaa kwa makopo mangapi, waijaze hadi mdomoni wakihesabu, waandike walichokipata, kisha walinganishe na kuzungumza. Niliwagawa katika vikundi vinne, nikawatoa uani penye bomba, dirisha la darasa likiwa wazi kiasi kwamba ubao ulionekana kutoka nje. Jerikeni zilikuwa zile za njano ambazo kila nyumba ya Kampala inazo.

Kabla hatujatoka, mkono wangu ulishika chaki. Sikufikiri. Mwalimu hawezi kuwatoa watoto nje akaacha ubao mtupu. Ni kama kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiwa. Nikaandika tarehe, nikaandika kichwa cha somo, na chini yake, kwa herufi zangu nzuri: jerikeni moja ni lita ishirini. Nikapiga mstari chini.

Watoto walimwaga maji kwa furaha. Walimu walisimama barazani, wengine wamekunja mikono. Mimi nilizunguka kati ya vikundi nikisema vizuri, vizuri, endeleeni. Kundi la kwanza lilifika ishirini likapiga makofi, ingawa kwa macho yangu mdomo wa jerikeni ulikuwa bado mbali. Nilidhani wamechoka. Kundi la pili na la tatu vilevile.

Kundi la mwisho liliongozwa na msichana wa kambini, binti wa polisi, mwembamba, mwangalifu, ambaye daftari lake niliwahi kulipitisha darasani kama mfano. Yeye hakuharakisha. Alijaza kopo mpaka juu, akamimina bila kumwaga tone, akahesabu kwa sauti. Alifika ishirini. Jerikeni haikujaa. Alimimina la ishirini na moja, kisha la ishirini na mbili, na hapo maji yakafika mdomoni kabisa. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona anasimama, kopo mkononi, anafikiri.

Kisha akageuka akatazama dirishani, ubaoni.

Aliinamisha jerikeni taratibu, akamwaga maji kwenye majani. Alitazama tena ndani, akamwaga kidogo zaidi. Halafu akachukua penseli na kuandika ishirini. Wenzake wa kundi walimtazama wala hawakushangaa. Mmoja alimpangusia daftari lisilowe.

Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na siku ile nilikuwa maiti na mwosha kwa pamoja. Hapakuwa na mwingine aliyeona. Mtoto yule hakuwa amedanganya kwa utundu. Alifanya nilichomfundisha kwa miaka miwili: macho yako yakitofautiana na ubao, yarekebishe macho.

Tulirudi darasani. Vikundi vinne, majibu manne, yote ishirini. Walimu walipiga makofi. Walinipigia mimi! Nilisimama pale nimeshika chaki kama mwizi aliyepewa zawadi na mwenye nyumba.

Mkutano ulifanyika watoto walipotoka kwenda kucheza. Mwalimu mmoja, mcheshi wetu, alianza. "Banange, jamani, Mkenya ametuonyesha. Watoto wote wamepata ishirini, na ubao ulikuwa tayari umesema ishirini. Sasa maji yote ile ya nini? Chekundu kinasema ishirini kwa mstari moja tu, na hakuna mtu nalowa."

Walicheka. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kitabu nilichokitaka kingepita bila jasho. Nawaambia kweli, nilitamani kunyamaza. Lakini nilikuwa nikiuona ule mkono mdogo ukiinamisha jerikeni, na nikajua kwamba cha kijani kinahukumiwa kwa kosa langu. Kitabu kilisema watoto wakisie kwanza. Mimi niliwanyang'anya hata kukisia.

Nikasimama. Nikasema jibu la ishirini halikuwa la kweli, kwamba kundi la mwisho lilipata ishirini na mbili na likamwaga maji ili lifanane na ubao wangu.

Mcheshi wetu akasema, "Hiyo ni makopo ya Kikuubo, Mwalimu. Kule hata lita moja inaibiwa." Kicheko tena.

"Hata kama ni makopo," Madamu alisema, "mtoto ndiye angeuliza hiyo. Kwa nini hakuuliza?" Akanitazama, si kwa ukali. Kisha akasema msichana aitwe, atueleze mwenyewe, ili wenzangu waliokuwa hawajaona wasikie.

Aliletwa. Alisimama mlangoni, pindo la sare limelowa, akapiga magoti kidogo kutusalimu kama wasichana wa Kampala wanavyofundishwa. Mbele yake walimu kumi na zaidi, kila mmoja na kikombe cha chai. Nilimsogelea ili asiogope. Nilimwuliza kwa Kiswahili, kwa upole ambao nadhani hakuwahi kuusikia kwangu, jerikeni yao ilijaa kwa makopo mangapi.

"Ishirini, mwalimu."

"Hapana, usiogope. Nilikuona. Mlimimina mengine."

"Ilikuwa ishirini, mwalimu."

"Sikia, binti yangu. Hakuna atakayekupiga. Sema tu ulichokiona kwa macho yako."

Alitazama chini. Alimtazama Madamu, akatazama vikombe vya chai, akanirudia mimi. Nilimwona akinisoma usoni kama anavyosoma swali gumu, akitafuta ni wapi nimeficha jibu. Alikuwa anataka kunifurahisha. Hakuwa na ubishi hata chembe.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "wewe nataka niseme ngapi?"

Mcheshi wetu alicheka mpaka chai ikamwagika. Wengine wakamfuata. Mwalimu wa darasa la nne hakucheka, na Madamu aliinua mkono, akamwambia mtoto asante, nenda ukacheze. Alikimbia kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Mimi nilibaki nimeinama pale pale, katika kimo cha mtoto ambaye hayupo tena, nikitamani ardhi ipasuke. Nimewahi kuaibika kwa mambo mengi, lakini hayo yalinipata mimi peke yangu. Aibu hii niliiona imevaa sare iliyolowa, na nilijua watoto kama yule wako darasa zima.

Nilijaribu tena. Nilisema hiyo ndiyo sababu ya kukichagua cha kijani, kwamba watoto wetu hawana imani na wanachokiona, na kwamba mimi ndiye niliyewafanya hivyo. Nilisema mengi, bila mpangilio, nikarudia maneno. Mwalimu mmoja mzee akanipigapiga begani akasema, "Sebo, bwana wangu, umechoka. Kitabu chako ni kizuri, usijisumbue."

Madamu akaitisha kura. Kwa cha kijani iliinuka mikono mitatu: wake, wa mwalimu wa darasa la nne, na wangu. Kwa chekundu iliinuka iliyobaki, na wengi walikuwa wananitazama kwa tabasamu wakati wanainua, kwa sababu waliamini wananipa nilichokiomba tangu mwanzo. Baada ya kura walipanga foleni kunishika mkono. Nilimshika kila mmoja, nikamwambia asante.