Mbwa Mtulivu wa Fundi Saa

Fundi saa alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ya dirishani iliyojaa skrubu ndogo kuliko punje za sukari. Mkewe alipostaafu ualimu aliomba mbwa mdogo wa kumchangamsha, maana mumewe akishavaa lenzi jichoni haongei mpaka jioni.

Fundi akakataa katakata. "Mbwa mdogo ana kelele, tena atanizonga miguuni. Nimesoma, mke wangu. Hawa wakubwa ndio watulivu."

Hakusema uongo. Mbwa aliyemleta alikua mpaka akamfikia mama wa watu kifuani, na alikuwa mtulivu kama gogo. Kisichotulia kilikuwa mkia. Siku moja mteja alibisha hodi, mbwa akafurahi, na mkia ukafagia meza nzima. Siku mbili fundi alitambaa sakafuni na sumaku, akiokota vipande vya saa za watu. Mbwa, akidhani ni mchezo, alijilaza kando yake na kumwegemezea kichwa mgongoni.

"Tumrudishe alikotoka?" mkewe aliuliza.

"Tumrudishe vipi na ameshatuzoea?" fundi alijibu, amekasirika kweli. "Kosa ni la meza."

Basi meza ikahamia bafuni, chumba pekee chenye komeo, na kila asubuhi saa za wateja husubiri mpaka wenye nyumba waoge. Mteja akija, mkewe humwambia bila kucheka, "Fundi yuko bafuni, mgongee tu. Huyo aliyelala sebuleni, ofisini kwake, usimsumbue."