Sweta ya Shangazi Vumilia

Juzi mjukuu wangu alisugua kitana cha plastiki kwenye nywele zake, kikavuta vipande vya karatasi. "Chaji za umeme zimehama tu, Koko," akasema. "Radi nayo ni hivyohivyo."

Nikamkumbuka shangazi Vumilia. Nikiwa mtoto kule Kibumba, kiangazi kimoja kilikuwa kikavu, na uani kulinuka ng'ombe wetu wawili waliouawa jana yake na radi isiyo na mvua. Shangazi alivua sweta ya sufu; ikatatarika, nywele zikamsimama.

Nilipiga kelele: "Papa, shangazi ana radi mwilini!"

Papa akaingia na fimbo. "Kumbe ni wewe mulozi uliyetutumia radi!" Akampiga hadi fimbo ikavunjika, kisha akamkanyaga.

"Kaka, ni sweta tu!" alilia, damu ikimjaa kinywani.

Nami niliushikilia mlango asitoroke, nikidhani naiokoa nyumba yetu.

Jicho lake la kushoto halikuona tena. Alikufa sijamuomba msamaha.