Mama ya Kuamshwa kwa Mbali

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha Mabira, na kompyuta yangu ilikuwa nyumbani, Nyakasimbi. Ilikuwa kompyuta kuu. Kwenye chumba cha pili zilikaa ndogo mbili zilizoungwa nayo kwa waya, na majirani walikuja kujifunza kupiga chapa. Umeme tulipata kwenye paneli ya jua na betri za gari. Betri zikichoka, ile kuu iliganda, na mimi niko mbali. Mke wangu aliiogopa. Aliifunika kitambaa cha meza akaningoja Ijumaa.

Siku moja ikatoa moshi. Nikaipeleka Bukoba. Fundi akaifungua, akanusa, akasema, "Mama imekwenda."

Ndivyo mafundi walivyouita ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta: bodi mama, au mama tu. Fundi alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kawaida, isiyokula umeme mwingi. Ya pili ilitolewa kwenye kompyuta kuu ya ofisi fulani, pana kama sinia, na ilikuwa na kifaa cha kuizima na kuiwasha kwa simu hata ukiwa wilaya nyingine.

"Hii ikizimia, unaiamsha ukiwa hukohuko Mabira," alisema fundi.

Nikaipenda palepale. Lakini mlinzi wa kompyuta alikuwa mke wangu, nikaona nimuulize. Nikaenda kwenye ofisi ya kanisa iliyokuwa na simu ya upepo, ile redio ya kusema kwa zamu na kumalizia kwa "ovaa", nikampata mwinjilisti wa kwetu Nyakasimbi. Sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Mwambie mke wangu mama imeungua, haifai tena," nikapaza sauti. "Zipo mbili, nachagua. Moja ikizimia inaamshwa kwa mbali. Anaonaje? Ovaa!"

Simu ikakwaruza. Kisha: "Pole sana, mwalimu. Bwana akutie nguvu. Ovaa."

Nilidhani ananipa pole kwa hasara. Ile "imeungua" ingetosha kumwonyesha kwamba nazungumzia kitu, si mtu, lakini kwetu, ambako watu wanaongea Kinyambo tangu wakiwa mgongoni, nani anasumbuana kwa "i" na "a"? Majibu ya mke wangu hayakuja. Nikanunua ile pana.

Kesho yake, nilipofika nyumbani, nikakuta wanaume wamejaa kwenye mabenchi uani na mikungu ya ndizi imepangwa ukutani. Nikazunguka jikoni. Mama yangu mzazi alikuwa katikati ya wanawake, kisu mkononi, anamenya ndizi.

"Shikamoo mama. Nani amefariki?"

"Marahaba. Mimi," akasema. "Nimeungulia Bukoba. Umeshachagua mwingine?"

Watu walikuwa wamekuja kulia, wakamkuta anapalilia maharage. Lakini vyungu vilikuwa tayari motoni, wakaona si vizuri kuondoka.

Ikabidi nifungue boksi mbele ya waombolezaji. Mama akaikagua ile bodi, akaigeuza, akauliza, "Inaamshwa kwa kitu gani?"

"Kwa simu ya waya."

"Huo waya uko wapi?"

"Wanasema nguzo zitafika."

Mwinjilisti, ambaye tangu nifike alikuwa hathubutu kunitazama, akacheka mpaka akajifuta machozi. Benchi zima likamfuata. Mke wangu hakucheka. Akasogea, akashika kiuno.

"Mpaka hizo nguzo zifike, mwamshaji ni nani?"

Akaiinamia ile bodi.

"Nionyeshe kitufe."

Nguzo hazikufika. Bodi ile ilikula betri kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, na wiki haikuisha bila kompyuta kuganda. Mke wangu alikitupilia mbali kitambaa. Akajifunza kusikiliza feni, akajua mlio wa kuchoka na mlio wa kuganda, mambo ambayo mimi sijayajua hadi leo. Muhula uliofuata nilipokea ujumbe wake kwa simu ya upepo kule Mabira. Mwinjilisti aliusoma polepole kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno:

"Mashine iliganda Jumanne. Nimeiamsha. Lete betri."