Taa za Nyuma za Mama Mkubwa

"Bado umelala? Leo mama yako anatoka hospitali, wewe unakoroma!"

Sauti ilitangulia hodi. Nilipofungua mlango nikamkuta Mama Mkubwa amesimama na gauni lake la kazini, lile la bluu lenye mfuko mpana wa kuwekea chaki na mkasi. Alikuwa anazungusha funguo za gari kidoleni kama dereva aliyezaliwa barabarani, na leseni yake hata kukunjika ilikuwa bado.

"Mama anatoka mchana," nikamwambia. "Saa hizi hata madaktari hawajanywa chai."

"Mchana unakuja mbio. Vaa viatu twende tukachague taa."

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Amemtangulia kuzaliwa, na hajawahi kumwachia asahau. Kazi yake ni ushonaji. Tangu sijazaliwa amekuwa akipiga magoti mbele ya watu, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, akiamrisha: "Simama wima. Vuta pumzi. Usivute sana, utanidanganya." Mteja husimama mbele yake uso kwa uso, kwa hiyo kushoto kwa mteja ni kulia kwake, naye huzigeuza pande hizo kichwani bila hata kufikiri. Kitambaa hakichagui ndani ya duka hata ukimlipa. Lazima akitoe nje, akining'inize juani, akisogelee, arudi nyuma, akikodolee macho mpaka muuzaji aanze kukosa raha.

Gari hakuwa nalo, wala hakuwahi kulitaka, mpaka mama yangu alipoumia. Mama huuza mayai, huyapeleka madukani kwa pikipiki yake ndogo. Siku hiyo alikuwa nyuma ya gari la mizigo, jua la utosi, barabara kavu. Gari likafunga breki ghafla na taa zake za nyuma hazikuwaka hata moja. Mama akaingia mzimamzima. Mayai sitayasimulia. Mguu ulivunjika vibaya, na alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa: "Nilikuwa naziangalia taa zake. Naapa nilikuwa naziangalia." Tangu hapo akaweka nadhiri kwamba hapandi gari lolote, la ndugu wala la serikali, kabla hajaziona taa zake za breki zikiwaka kwa macho yake mwenyewe.

Ndipo Mama Mkubwa, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha hospitali akimmenyea chungwa, akasema, "Siku ya kutoka nitakuja kukuchukua mimi. Na gari langu."

Mama alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Alicheka huku ameushika mguu, machozi yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aumie, na sote tuliokuwepo tulidhani mambo yameishia hapo, ni utani wa wagonjwa. Mama Mkubwa hakucheka. Alimaliza kumenya chungwa lake, kesho yake akaenda kujiandikisha kwenye shule ya udereva.

Huko alimtesa mwalimu wake, maskini. Pedali ya mafuta aliikanyaga kama ya cherehani, anagusa na kuachia, anagusa na kuachia, gari likawa linaenda kwa kurukaruka mtaa mzima na mwalimu ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Mtihani wa kwanza ukamtupa. Wa pili ukamtupa pia. Wa tatu aliuingia amenuna, akafaulu, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mstaafu jirani yetu na kununua kile kigari cheupe kilichokuwa kimefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Injini ilikuwa nzima. Taa ndizo zilizokuwa msiba: za mbele zimefifia, na ya nyuma upande wa kushoto iligongwa kwenye nguzo ya geti, ikabaki vipande vilivyoshikwa na utepe mwekundu. Ya upande wa pili ilikuwa bado inafaa.

Tulidhani tuna wiki nzima ya kurekebisha. Jana yake jioni daktari akasema mama aende nyumbani kesho. Mama Mkubwa akalikimbiza gari kwa fundi umeme wa magari, ambaye mtaa mzima tunamwita Shoti, akamwachia taa za mbele azisafishe. Za nyuma alimkataza asimnunulie. Alitaka kuzichagua mwenyewe.

Sasa, kulikuwa na kikwazo, nacho ni Baba Mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, ana gari kubwa linalong'aa na mdomo unaolingana nalo. Alikuwa ameshatangaza kwamba saa sita atakuwa hospitali kumchukua shemeji yake, "maana Dada wa cherehani atatuletea msiba mwingine." Nilitaka kumjibu, nikajizuia. Mama Mkubwa aliposikia alikaza tu kilemba.

Kwenye duka la spea tulimkuta muuzaji mmoja kijana, miwani mikubwa, mchangamfu kupita kiasi kwa asubuhi ile. Simu yangu ikaita nikiwa bado mlangoni. Alikuwa mama.

"Shemeji amenipigia kasema anakuja," akanong'ona. "Nimwambie nini? Dada yupo wapi?"

"Yupo anachagua taa."

"Anachagua nini?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie achague zinazowaka."

Niliporudi kaunta, Mama Mkubwa alikuwa ameulizwa taa ya upande gani, ameshajibu, na kijana ameshapanga aina tatu mezani. Sikuuliza alijibu nini. Ningeuliza, ningetuokolea safari moja.

"Hii hapa ndiyo habari ya mjini," kijana akasema, akaonyesha yenye kioo cheusi. Akaizima taa ya duka, akagusisha nyaya kwenye betri. Kweli ilipendeza, ilitoa wekundu mzito kama mvinyo. Mimi nikasema chukua hiyo hiyo twende.

"Tutoke nje," akasema Mama Mkubwa.

"Mama, taa hujaribiwa gizani."

"Mdogo wangu aliumia gizani? Aligonga saa sita mchana, jua linawaka. Toa betri nje, baba."

Kijana akabeba betri. Mama Mkubwa akanipanga mimi ukingoni mwa barabara nimeshika taa kifuani kama mtu anayepigwa picha, yeye akavuka, akaenda, akaenda, mpaka kwenye duka la viatu kule pembeni. Akageuka, akainua mkono.

"Washa!"

Kijana akawasha.

"Nimesema washa!"

"Imewaka, mama!"

"Wapi?"

Watu wakaanza kusimama. Mwenye pikipiki akazima injini, akapiga kelele, "Hiyo nyeusi haionekani hata hapa nilipo!" Muuza viatu akatoka na kiatu kimoja mkononi. Tukajaribu ya pili, ile yenye kioo cheupe, ikaonekana kidogo kama tone la damu ndani ya glasi ya maji. Umati ukaguna. Tukaja kwenye ya tatu, nyekundu ya kawaida kabisa, isiyo na madoido, ambayo mimi nisingeitazama mara mbili.

Ilipowaka, mtaa mzima uliitikia kwa pamoja. Hata mimi, na nilikuwa na hasira za kuamshwa, nilijikuta nacheka kwa sauti. Kule pembeni Mama Mkubwa aliruka, aliruka kweli, mtu mzima yule, utepe wa kupimia ukamrukia usoni. "Zima! Washa! Zima! Washa! Hiyooo!" Mwenye pikipiki akapiga honi. Kijana wa miwani alisahau kwamba ile nyeusi ndiyo iliyokuwa ya kumfaidisha, alikuwa anagusisha nyaya na kucheka kama amevumbua umeme yeye.

Tukachukua na betri ya akiba, balbu nzito za breki, na taa ndogo ya kuweka juu kwenye kioo cha nyuma. Tukakimbia kwa Shoti. Nasema tukakimbia, na ndivyo ilivyokuwa: mimi na betri ya akiba, yeye na taa imefungwa kwenye kitambaa cha gauni la mteja.

Shoti alikuwa ameng'arisha taa za mbele mpaka unajiona meno. Akaifungua taa yetu, akaisogeza kwenye bodi ya gari, akaigeuza, akaigeuza tena. Akatutazama.

"Hii ni ya kulia."

"Ndiyo," akasema Mama Mkubwa. "Si ndiyo iliyovunjika?"

"Mama, iliyovunjika ni ya kushoto."

Mama Mkubwa akaenda kusimama nyuma ya gari, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye pengo la ile taa iliyovunjika. "Hapa ni kushoto kwangu. Kwa hiyo ni kulia kwake." Alisema akiwa na uhakika wote wa maisha yake. Kisha nikaona uso wake unaanza kubadilika taratibu. Gari lilikuwa limempa mgongo. Yeye na gari walikuwa wanatazama upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakukuwa na cha kugeuza.

"Amenipa mgongo," akasema. "Mteja wangu amenipa mgongo."

Shoti alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mimi sikuweza. Simu yangu ilikuwa inaita tena, na Mama Mkubwa alikuwa ameshika ile taa nzuri isiyo na kazi. Niliumia kumwona vile. Nilitamani kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja.

"Mama Mkubwa, turudi tukabadilishe."

"Tubadilishe nini?" Ghafla akainua kichwa. "Hii haitoki mkononi mwangu. Wewe Shoti, acha kucheka, ing'oe ile nzima ya kulia. Weka hii. Sisi tunaifuata pacha yake."

Ile taa nzima ya zamani tulimpelekea kijana wa miwani, akaipokea kwa furaha, maana alikuwa na mteja anayeitaka, akatutolea ya kushoto ya aina ile ile, ndani ya boksi lake. Mama Mkubwa aliitazama juani kwanza, bila shaka. Kisha akamwambia kijana, "Andika kwenye boksi kwa wino mkubwa: kushoto." Kijana akaandika. Akamwambia aandike na upande wa pili wa boksi.

Shoti alipomaliza, alizijaribu zote nasi tukaita kama wanafunzi darasani. Taa za mbele. Zipo. Indiketa. Zipo. Za kurudi nyuma. Zipo. Breki, tatu kwa pamoja, zikalipuka nyekundu pale kwenye ua wenye mafuta na vumbi, wekundu mmoja, bila tofauti hata chembe. Bila lile kosa tungekuwa na moja mpya na moja iliyochujuka. Nilimwambia hivyo. Akasema alijua tangu mwanzo, muongo mkubwa.

Aliendesha hadi hospitali bila kuruka hata mara moja, ameshikilia usukani kana kwamba utatoroka. Mimi nilikuwa nahema badala yake. Saa sita ilikuwa imepita.

Gari la Baba Mdogo lilikuwa limeshaegeshwa getini. Na mama yangu, amesimama nyuma yake juu ya magongo, mwembamba kuliko nilivyomzoea, uso umekauka.

"Kanyaga tena," alikuwa anasema.

"Shemeji, nimekanyaga mpaka mguu unauma! Zinawaka!" Baba Mdogo akatoa kichwa dirishani. Taa zake zilikuwa zile nyeusi, habari ya mjini. Juani pale, hata mimi niliyekuwa nazitafuta sikuona kitu.

"Sioni," mama akasema. "Sioni kitu mimi. Sipandi."

Mama Mkubwa alisimamisha kigari cheupe mbele kidogo ya lile gari kubwa. Hakushuka. Alishusha kioo tu, akatazama mbele. "Mwambie aje aangalie," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama hakutusalimia. Alikuja kwa magongo mpaka nyuma ya gari letu, akasimama.

"Kanyaga."

Taa zikawaka. Mama akazitazama. Akarudi nyuma hatua moja, gongo, mguu, gongo. Nikamfuata nimshike, akanisukuma kwa kiwiko. Akarudi tena nyuma, akalipita gari la Baba Mdogo, akakipita kibanda cha mlinzi, akafika kwenye ukuta kabisa, mbali kuliko alivyokuwa nyuma ya gari la mizigo siku ile, akaegemea pale juani na kuinua uso.

"Zima!" akapiga kelele.

Zikazima.

"Washa!"

Zikawaka. Hata mlinzi alisikika akisema lo.

"Nakuona!" Mama akalia, kilio na kicheko pamoja, kama siku ile ya chungwa. "Dada! Nakuona!"

Akaanza kuja. Alikuja polepole, macho hayabanduki kwenye ule wekundu, nami nikakimbia mbele kumfungulia mlango. Ndani, Mama Mkubwa alikuwa ameinamia usukani, mabega yanamtikisika, mguu wa kulia umekandamiza pedali kwa nguvu zake zote.

"Mama Mkubwa, inatosha, ameshaona. Achia breki."

"Siachii," akasema, "mpaka aingie."